Mitindo Huru na Mizani ya Mwamuzi

Katika sanaa za mapigano upo mchezo mmoja ambao mchezaji wake hapigani na mtu. Husimama peke yake katikati ya ukumbi, mikono mitupu au akiwa ameshika silaha, akawakinga na kuwashambulia maadui wasioonekana kwa muda mfupi tu, kisha akainama na kungoja hukumu. Hakuna aliyeanguka, hakuna damu, hakuna goli. Kilichopo ni umbo la mwendo lililotungwa, na watu watano au saba walioketi pembeni, waliotwikwa kazi ya kusema umbo hilo lina uzito gani. Kwa mpenzi wa mashairi hali hii si ngeni. Ndiyo hali ya mshairi aliyepeleka utungo wake shindanoni: hakumpiga mtu, hakupigwa na mtu, na bado atatangazwa kuwa ameshinda au ameshindwa.

Mchezo huo una matawi mawili makubwa. La kwanza ni la maumbo ya mapokeo, ambayo kwenye karate huitwa kata. Mtu hacheti kata ya kubuni mwenyewe. Huipokea kama ilivyo, hatua kwa hatua, kutoka kwa mwalimu aliyeipokea kwa mwalimu wake. La pili ni la mitindo huru. Humo mchezaji, au mwalimu wake, hutunga umbo jipya, hulipangia muziki, hulitia miruko na mizunguko, na akipenda huchukua fimbo, upanga, mkuki au nanchaku. Kwa lugha ya fasihi, tawi la kwanza ni shairi la arudhi na la pili ni shairi huru. Na kama ilivyokuwa kwenye ushairi wa Kiswahili, ugomvi haukuanza pale uhuru ulipodaiwa. Ulianza pale uhuru huo ulipoletwa mbele ya mwamuzi.

Dar es Salaam inaujua mchezo huu kwa zaidi ya nusu karne. Karate ya Okinawa ya mkondo wa Goju-ryu iliingia mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mkono wa Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha katika shule ya Zanaki. Katika miaka hiyo hiyo filamu za Bruce Lee, na hasa ile ya mwaka 1973 iitwayo Enter the Dragon, zilijaza majumba ya sinema. Baadaye zikaja kanda za video, na vibanda vya kuonyeshea vikaota Manzese, Mwananyamala, Tandale, Temeke na Mbagala. Humo ndimo alimovuma Lufufu, yule mfasiri aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za Wachina na Wamarekani, akieleza, akiongeza, na mara nyingine akiwatungia wahusika maneno yaliyo matamu kuliko yao. Kijana wa Kinondoni au wa Temeke alipata hivyo walimu wawili. Mwalimu wa dojo alimfundisha kusimama. Mwalimu wa kibandani alimfundisha kuruka.

Alikuwako na wa tatu, ambaye aghalabu husahauliwa. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi likaundwa kundi la taifa. Toka hapo sarakasi ikaingia katika maonyesho ya vikundi vya utamaduni vya jiji, ikawa inaonyeshwa usiku mmoja na ngoma, maigizo na taarabu. Kwa hiyo, mitindo huru ya sanaa za mapigano ilipofika Uswahilini haikukuta jangwa. Ilikuta vijana waliokwisha kujua kupinduka hewani juu ya mchanga, na watazamaji waliokwisha kujua kuhukumu mpinduko mbaya kwa kicheko kimoja tu.

Swali la uhakiki, basi, ni hili: kanuni zinazotumika kupima maumbo hayo huru zinapima nini? Jibu halipatikani katika utangulizi wa kanuni, ambamo mna maneno mazuri juu ya ubunifu na moyo wa sanaa. Linapatikana katika karatasi ya alama, kwa sababu karatasi ya alama ndiyo nadharia ya kweli ya mchezo. Kisichokuwa na kisanduku humo hakina thamani ukumbini, hata kikisifiwa vipi katika hotuba.

Ichukuliwe taekwondo. Katika umbo la mapokeo, liitwalo pumse, alama ni 10: usahihi hupewa 4, na uwasilishaji 6. Kosa dogo humpunguzia mchezaji 0.1, kosa kubwa 0.3. Katika pumse ya mtindo huru uzani hugeuka. Ufundi hupewa 6 na uwasilishaji 4. Na ule ufundi umegawanywa vipande sita vya alama moja moja: teke la ubavu la kuruka, idadi ya mateke katika mruko mmoja, kiwango cha mzunguko katika teke la kuzunguka, mateke ya mfululizo ya mapigano, teke la kisarakasi, na mwisho kabisa mienendo ya msingi pamoja na manufaa yake katika mapigano. Uwasilishaji nao una vinne: ubunifu, ulinganifu, kuonyesha nguvu, na muziki pamoja na mpangilio. Wakiwapo waamuzi saba, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, kisha hutafutwa wastani wa zilizobaki.

Katika wushu ya China, ambayo ndiyo yenye kanuni zilizokomaa zaidi kuhusu silaha, alama 10 hugawanywa mafungu matatu: 5 za ubora wa mwendo, 3 za utendaji kwa jumla, na 2 za ugumu. Silaha ikianguka chini, mchezaji hukatwa 0.3. Huo ni mgawanyo wenye busara, maana nusu nzima ya hukumu imebaki kwenye swali la kale kabisa: je, mkono umefika unapopasa kufika, na mguu je?

Msomaji atazame sasa ile orodha ya vipande sita. Vitano vya mwanzo vinahesabika kwa jicho: urefu wa mruko, idadi ya mateke, nyuzi za mzunguko. Cha sita peke yake ndicho kinachouliza kama yote hayo yana maana yo yote iwapo mbele ya mchezaji angesimama mtu. Alama moja kati ya kumi, tena si nzima, ndiyo iliyobakizwa kwa adui. Umbo la mapigano limepimwa kwa kila kitu isipokuwa mapigano.

Hapo ndipo wapenzi wa ushairi watakapokumbuka mjadala wao wenyewe. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, akaweka wazi vina, mizani, beti na kituo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na kukazuka malumbano ambayo hayajesha hadi leo. Wanamapokeo waliuliza: pasipo vina na mizani, mtajuaje kuwa hili ni shairi? Wanamabadiliko walijibu kuwa shairi hujulikana kwa wazo, taswira na mapigo yake ya ndani. Majibu yote mawili yana heshima yake. Lakini hakuna hata mmoja wa wanamabadiliko aliyesema kuwa shairi huru lipimwe kwa kuhesabu idadi ya sitiari katika kila ubeti, eti lenye sitiari tisa limshinde mwenzake mwenye tano. Wangeona kuwa hiyo ni arudhi mpya, nzito kuliko ile waliyoikimbia, tena isiyokuwa na muziki. Kanuni za mitindo huru zimefanya jambo lile lile. Zimevunja mizani ya mapokeo, kisha zikaunda mizani ya miruko.

Matokeo yake huonekana ukumbini. Uhuru uliotarajiwa kuzaa sura elfu umezaa sura moja. Mtungaji anayejua kwamba nyuzi 720 zinalipa kuliko 540 atatafuta 720, na wa jirani naye vivyo hivyo, mpaka maumbo yote yakafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kata zinazotambuliwa rasmi na shirikisho la dunia la karate zinazidi mia moja, na kila moja ina tabia yake. Maumbo huru, ambayo kwa haki hayana idadi, yanaelekea kuwa umbo moja lenye nguo mbalimbali.

Mfano wa kinyume uko katika Goju-ryu yenyewe, mkondo ule ule uliofika Zanaki. Kata yake ya msingi ni Sanchin, aliyoienzi Chojun Miyagi, mwasisi wa mkondo huo aliyefariki mwaka 1953. Sanchin haina mruko. Haina teke la hewani. Mchezaji huenda hatua chache mbele, hugeuka, huvuta pumzi na kuitoa kwa sauti, na mwili mzima hukazwa na kulegezwa kwa mpango. Mwenye kujua huiona tofauti ya mwanafunzi wa mwaka mmoja na bingwa wa miaka thelathini katika namna ya kushusha mabega tu. Sanchin ikipelekwa mbele ya karatasi ya mtindo huru itapata sufuri katika vipande vitano vya mwanzo. Utenzi wenye mizani nane ungelifanywa hivyo na mtu apendaye mistari mirefu, watu wangecheka. Huku hawacheki, kwa kuwa namba zimeandikwa.

Hata katika kata za mapokeo mvuto huu haukosekani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, waamuzi saba waligawa hukumu yao kwa asilimia 70 za ufundi na 30 za uwezo wa mwili. Alama mbili za juu na mbili za chini zikatupwa. Ryo Kiyuna wa Okinawa alitwaa dhahabu kwa kata iitwayo Ohan Dai, alama 28.72 dhidi ya 27.66 za Damián Quintero wa Hispania. Ushindi ule haukuwa na shaka. Lakini linalofaa kuangaliwa ni kwamba katika jukwaa lile watu huchagua kata ndefu zenye kona nyingi, si zile fupi za msingi. Mizani ikishakuwa na asilimia za wepesi na nguvu, mtunzi na mchaguzi wote huegemea upande huo bila kulazimishwa.

Silaha huongeza uzito wa hoja. Katika mapokeo ya Okinawa mna fimbo ndefu, sai, tonfa, nanchaku na kama, ambayo kwa Kiswahili ni mundu tu, ule ule wa shambani. Mundu una ncha na makali, na mwendo wake mzima hutokana na mambo hayo mawili: huwezi kuupitisha karibu na shingo yako ovyo, na ukiuvuta lazima kitu kikatike. Katika mitindo huru mundu hufanywa wa bati jepesi usiokuwa na makali, ukazungushwa vidoleni, ukarushwa juu na kudakwa nyuma ya mgongo. Ni ustadi, hakuna anayekana. Kuudaka mundu gizani mwa mgongo si kazi ya mtoto. Lakini kifaa kimekwisha badilika kuwa kirungu cha mwongoza gwaride. Katika ushairi hali hiyo ina jina: neno limetumiwa kwa sauti yake na maana yake imeachwa mlangoni.

Pwani yenyewe ina maarifa ya jambo hili ambayo kanuni za nje hazikuyasikia. Katika kirumbizi, wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo zao, wakaviziana na kukingana kwa kufuata ngoma na nyimbo. Mdundo upo, madaha yapo, umati upo. Na fimbo ni fimbo, ikikupata utajua. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa wa kila Julai, wanaume huchapana kwa migomba huku wanawake wakiimba, na mapigano hayo yana kazi yake ya kutoana vinyongo. Katika al-azi ya Oman, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2012, mshairi na kundi lake hujibizana huku panga zikifuata hatua. Mapokeo yote haya yameunganisha silaha, mwendo, muziki na neno, yaani yale yale ambayo mitindo huru inadai kuyagundua. Wala hakuna lililopoteza maana ya silaha. Kijana wa Temeke akitunga umbo la fimbo kwa hatua za kirumbizi, badala ya kuiga video za Florida, hakuna kisanduku kitakachompa hata nukta moja kwa ajili hiyo. Atapimwa kwa mzunguko aliouacha.

Pana na hasara isiyo ya nadharia. Miruko inayolipa imekadiriwa na watu wanaofanya mazoezi juu ya magodoro mazito na sakafu za mbao zinazonesa. Katika vitongoji vya Dar es Salaam mazoezi mengi hufanyika darasani baada ya masomo, kwenye baraza, uani au uwanjani, juu ya saruji au mchanga. Mzunguko ule ule una bei mbili: huko ni alama, huku ni goti. Kanuni inayotoa nukta moja kwa teke la kisarakasi haisemi neno juu ya sakafu, lakini kwa vitendo imekwisha amua ni mtoto wa nani atakayeshinda na wa nani atakayechechemea.

Ni haki, hata hivyo, kuwasikiliza waliotunga kanuni hizo. Hoja yao ni kwamba namba zilikuja kuponya maradhi makubwa zaidi, nayo ni upendeleo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na katika mchezo ambao makocha ndio waamuzi, kila mmoja ana kamba mkononi. Teke likihesabiwa, hata mwamuzi mwenye hila huona haya kusema sita ni nne. Hoja hii haiwezi kupuuzwa na mtu aliyewahi kusikia matokeo ya mashindano ya mashairi yakinong'onezwa kabla ya mashindano kuanza. Na hukumu ya umati, inayosifiwa na wapendao mambo ya zamani, nayo si malaika. Mashindano ya beni katika miji ya pwani, tangu siku za Marini na Arinoti, yalipimwa kwa wingi wa wafuasi na ghali ya mavazi. Na katika taarabu ya mipasho anayetunzwa sana si lazima awe ndiye mwimbaji bora.

Lakini dawa hiyo imetibu nusu ya maradhi. Kutupa alama ya juu na ya chini kunamdhibiti mpendeleaji mmoja. Kunamnyamazisha pia yule mwamuzi mmoja aliyeona wasichokiona wenzake. Mhakiki wa kwanza wa utungo wowote mpya huwa ni mtu wa pembeni. Akifutwa kila mara kwa kanuni, kinachobaki ni maoni ya katikati, na maoni ya katikati hayajapata kulea sanaa mpya. Isitoshe, waamuzi wakiwa watatu tu, kama inavyoweza kuwa katika mashindano madogo ya mtaani, kanuni hiyo humwachia hukumu nzima mtu mmoja, naye hata jina lake halitajwi.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kungoja ruhusa ya mashirikisho ya mbali. La kwanza limo tayari katika karate. Timu zinazogombea medali za kata hutakiwa, baada ya kuonyesha umbo, kulionyesha tena kwa kushambuliana wao kwa wao, ili kila mwendo udhihirishe kazi yake. Jambo hilo huitwa bunkai, na Kiswahili chake sahihi ni ufafanuzi. Mitindo huru idaiwe vivyo hivyo. Waamuzi wachague kipande kimoja cha umbo, na mtunzi amlete mwenzake akifafanue. Mwenye kutunga kwa akili atafafanua; mwenye kukusanya miruko atakwama, nao umati utaona wenyewe.

La pili, miruko iwe na kikomo. Baada ya idadi fulani isiongeze kitu, kama vile kina cha kati kisivyoongezewa sifa kwa kurudiwa mara tatu katika mshororo mmoja. Hili litawaokoa wenye magoti, na litawalazimisha watungaji kutafuta utajiri mahali pengine.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, mwamuzi aseme. Namba ikishaonyeshwa, mmoja wa waamuzi asimame na kueleza kwa sentensi chache, kwa Kiswahili kinachofahamika, kwa nini. Katika ngonjera za Mathias Mnyampala watu walijifunza kwamba hoja huimarika inapolazimika kujibiwa mbele ya hadhara. Mwamuzi anayejua kwamba atasimama ataangalia kwa makini zaidi. Naye mchezaji aliyeshindwa atarudi nyumbani na somo, badala ya kurudi na namba.

Sheria za nchi nazo zinaugusa mjadala huu kwa namna ya kuchekesha. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Umbo huru lenye muziki, mavazi, mpangilio na upanga usio na makali ni la baraza lipi? Kwa desturi limekaa upande wa michezo, na ndiyo maana limepewa saa, nyuzi na desimali. Lingekaa upande wa sanaa lingepewa wahakiki. Ukweli ni kwamba linawahitaji wote wawili, na mpaka sasa limepata wa kwanza tu.

Kijana anayetunga umbo lake mwenyewe katika ua wa Mbagala au Mwananyamala anafanya kazi ya mtunzi. Anachagua kipi kianze, kipi kirudiwe, wapi anyamaze, wapi apige, na mwisho wake ufikie kituo gani. Ana haki ya kuulizwa alichokusudia kusema. Kanuni isiyomwuliza hilo, hata ikiwa na desimali tatu, haijampima bado.